Kesi ya Mtikila ipi?

Juzi usiku nilikuwa nasoma makala ya mtu mmoja kuhusu mgombea binafsi, makala nzuri tu na mwandishi anaonekana anajua anachosema, ila nilipofika katikati nikakuta kaandika "kama mahakama ilivyokwishasema kwenye kesi ya Mtikila" halafu akaweka nukta akaendelea na mambo mengine. Mimi nikakwama pale pale. Kesi ya Mtikila ipi jamani?

Maana Mchungaji Christopher Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, alilipeleka jambo hili la mgombea binafsi mahakamani zaidi ya mara moja. Ya kwanza ni ile ya Dodoma, Civil Case No. 5 of 1993, Jaji Lugakingira akaitolea hukumu Oktoba 1994, akasema Mtanzania anaweza kugombea bila kupitia chama, na humo humo akagusa habari ya vibali vya mikutano ya hadhara. Haukupita muda Bunge likabadilisha Katiba kwa Sheria Na. 34 ya 1994 mlango ukafungwa. Mchungaji hakuchoka, akarudi Mahakama Kuu safari hii Dar, Misc. Civil Cause No. 10 of 2005, majaji watatu, mwaka 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa, ikawa Civil Appeal No. 45 of 2009, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema jambo hili ni la kisiasa, wa kuliamua ni Bunge. Baada ya hapo likahamia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, maombi namba 009/2011 na 011/2011 yakaunganishwa, tarehe 14 Juni 2013 wakasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika.

Sasa niambie. Mtu mmoja, jambo moja, hukumu nne, na majibu hayafanani. Ukinukuu ya 1994 au ya 2006 unasema ndiyo, ukinukuu ya 2010 unasema hapana, kaulizeni Bunge, ukinukuu ya 2013 unasema ndiyo lakini anayesema ni mahakama nyingine kabisa yenye mamlaka ya aina nyingine. Kwa hiyo "kesi ya Mtikila" peke yake haisemi kitu, ni sawa na kumwambia mgeni aje nyumbani kwa Juma, Kariakoo. Na aliyeandika makala nina hakika anajua alikuwa anamaanisha ipi, ila msomaji wake hajui, na ndiye aliyekuwa anaandikiwa.

Nataka kulisema hili kwa urefu kidogo kwa sababu naona watu wengi, hata mawakili, hata wanafunzi wanaoandika tasnifu, wanachukulia namba ya hukumu kama pambo la mwisho wa sentensi, kitu cha kuonyesha kwamba umesoma. Namba ya hukumu ni anwani. Kazi yake ni moja tu, kumfikisha msomaji mlangoni ili aingie mwenyewe aone kama ulichosema kimo humo ndani au hakimo. Ikishindwa kumfikisha basi umemnyima njia ya kukupinga, na mtu akishindwa kukupinga kwa sababu hajui uko wapi hapo hujamshinda kwa hoja.

Tuanze na ile ya zamani, ya vitabu. Hukumu ya Dodoma imeripotiwa, na anwani yake ni [1995] TLR 31. TLR ni Tanzania Law Reports, 31 ni ukurasa kesi inapoanzia. Na 1995? Hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana nimeshasema hukumu ilitolewa 1994. Ule mwaka ulioko kwenye mabano ya mraba ni mwaka wa kitabu, tena ndio jina la kitabu chenyewe, kwa sababu TLR hazina namba ya juzuu inayokwenda moja mbili tatu, ukitaka kuchukua kitabu rafuni lazima ujue mwaka. Ukiandika [1994] TLR 31 umemtuma mtu kwenye kitabu kingine. Mabano ya duara ni habari nyingine, yale kwa kawaida yanakupa mwaka wa hukumu tu kwa faida yako, kitabu unakipata kwa namba ya juzuu, kama ile kesi ambayo kila aliyesoma sheria ya mikataba anaikumbuka, Hadley v Baxendale (1854) 9 Exch 341, hapo hata ukiufuta mwaka bado unafika, juzuu ya 9, ukurasa wa 341. Kwa hiyo mraba na duara sio mambo ya urembo wa kuchapa, ni vitu viwili tofauti, na mtu akivichanganya msomaji anapotea. Wakati mwingine tofauti ya miaka ni kubwa, kesi ya Ndyanabo ya uchaguzi iliamuliwa na Mahakama ya Rufani Februari 2002 lakini kwenye TLR utaikuta kitabu cha 2004, ukurasa wa 14. Anayeandika historia ya sheria kwa kutazama miaka ya mabano tu atapanga matukio ovyo.

Na hiyo ndio iliyobahatika kuingia kitabuni. Zilizo nyingi hazikuingia, na hizo ndizo zilizozaa lile neno ambalo mpaka leo limejaa kwenye maandishi yetu ya kimahakama, unreported, yaani haijaripotiwa. Fungua hoja za wakili yeyote Tanzania utakutana nalo, jina la kesi, namba ya kesi, halafu kwenye mabano neno hilo.

Nikumbushe kidogo. Miaka naanza kazi nilikuwa Tabora, na pale mjini kulikuwa na wakili mmoja mzee, sitamtaja, mwenye kabati la chuma la kijani lenye droo nne. Ndani ya zile droo kulikuwa na hukumu za Mahakama ya Rufani ambazo hazimo kwenye kitabu chochote, amezikusanya kwa miaka kwenye masijala, kwa marafiki, kwa makarani, kila faili limeandikwa kwa kalamu nyekundu: Dhamana, Pingamizi, Ardhi, Muda wa Rufaa. Ukiwa na kesi ngumu unakwenda. Shikamoo mzee. Marahaba, leo umefuata nini? Unaeleza, anasikiliza, anavuta droo anatoa makaratasi, anakwambia kapige kopi hapo steshenari ng'ambo ya barabara urudishe kabla ya saa nne. Kopi ya kopi ya kopi. Muhuri wa mahakama umekuwa doa jeusi, mistari ya pembeni imekatwa, na siku moja nilifika mahakamani ndio nikagundua ukurasa wa 7 haupo, na ukurasa wa 7 ndio uliokuwa na neno langu. Wakili wa upande wa pili alikuwa kijana kama mimi katoka mkoa mwingine, hamjui mzee, hana kabati. Akasimama akasema mheshimiwa jaji kesi hii siijui na sijaiona. Alikuwa na haki kabisa. Shauri likaahirishwa, wateja wake wametoka Urambo kwa basi wakarudi Urambo.

Nalisimulia hili ili ionekane kwamba neno lile lilikuwa na kazi ya kweli wakati ule. Lilikuwa linamwambia mwenzako: usihangaike kwenda maktaba, haimo, nimekuletea kopi. Lilikuwa onyo la kistaarabu. Lakini pia lilikuwa linaonyesha hali mbaya sana, kwamba sheria ya nchi, maana hukumu ya Mahakama ya Rufani ni sheria inayozifunga mahakama zote za chini, ilikuwa inakaa kwenye droo za watu binafsi na mwenye droo ndiye mwenye sheria.

Leo ile hukumu ya ukurasa wa 7 ipo TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, naifungua kwa simu nikiwa kwenye foleni. Zipo kwa maelfu, bure, na kila moja ina anwani yake ya kisasa, mwaka, alama ya mahakama, namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, na divisheni za Mahakama Kuu zina alama zao. Na bado tunaandika haijaripotiwa! Nasema kwa uchungu kabisa, hili neno sasa limegeuka kuwa uzembe. Halimwambii msomaji kitu anachokihitaji. Linamwambia tu kwamba haimo kwenye kitabu cha karatasi ambacho hata yeye hana. Wakili anaitoa kesi TanzLII, anaidaunilodi, anakopi aya nzima anaipesti kwenye hoja zake, halafu ile anwani iliyoko juu kabisa ya ukurasa anaiacha na kuandika haijaripotiwa. Kama ulifika kwa njia hiyo kwa nini usituonyeshe hiyo njia?

Mtu atanijibu, lakini si namba ya kesi ipo, Civil Appeal namba fulani ya mwaka fulani, inatosha. Haitoshi. Chukua kesi ya Rebeca Gyumi ya umri wa kuolewa, Mahakama Kuu Dar es Salaam, Misc. Civil Cause No. 5 of 2016. Namba 5 ya 2016 ni ya masijala ya Dar. Mwanza nako mwaka huo walikuwa wanafungua mashauri na kuyapa namba kuanzia moja, Arusha vile vile, Mbeya vile vile. Ukiandika namba bila kuandika masijala umetoa namba ya nyumba bila jina la mtaa. Tena namba ya shauri inatolewa siku shauri linafunguliwa, haijui kitakachotokea baadaye, na shauri moja linaweza kuzaa maamuzi matano, uamuzi mdogo wa pingamizi, uamuzi wa zuio, hukumu yenyewe, uamuzi wa gharama, yote yanabeba namba ile ile.

Wakenya wamelipata hili kwa gharama kubwa na nadhani ndiyo maana wametutangulia. Kesi ya Muruatetu. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema sheria inayomlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji inavunja Katiba, jaji lazima awe na nafasi ya kumsikiliza mtu kuhusu adhabu yake. Habari ikaenea magerezani kama moto wa nyika, na ilikuwa haki ienee. Lakini waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu nao wakaja wanataka adhabu zao zitazamwe upya, waliohukumiwa kwa makosa ya kingono wenye vifungo vya lazima nao wakaja, na mahakama za chini baadhi zikakubali baadhi zikakataa, wote wanataja Muruatetu. Mpaka tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: tulichoamua kinahusu mauaji peke yake, makosa mengine kila mtu afungue njia yake.

Sasa angalia. Uamuzi wa 2017 ni Petition 15 na 16 ya 2015. Maelekezo ya 2021 ni Petition 15 na 16 ya 2015. Jina lile lile, namba ile ile. Ukiandika "Muruatetu, Petition 15 na 16 ya 2015" umetaja vitu viwili ambavyo kimoja kinakibana kingine, na mtu aliyeko kifungoni anayeandikiwa hoja zake na mfungwa mwenzake hawezi kujua kipi ni kipi. Wakili wa Nairobi atakwambia Muruatetu ya kwanza na Muruatetu ya pili, wao wanaelewana. Lakini kwenye karatasi ni [2017] KESC 2 (KLR) na [2021] KESC 31 (KLR). Hapo hakuna ubishi tena. Kila uamuzi una namba yake, kama kitambulisho, haijalishi shauri ni moja.

Na hata Wakenya hawakufika hapo siku moja. Kwa miaka mingi walikuwa wanaandika [2017] eKLR, na mimi niliwahi kudhani ni kitu cha maana sana mpaka nilipokaa nikafikiri: eKLR ni hazina yao ya mtandaoni, 2017 ni mwaka, basi, imeishia hapo. Maelfu ya maamuzi ya mwaka huo yote yana [2017] eKLR, kutoka Mahakama ya Juu mpaka mashauri ya ardhi huko Malindi. Wote wanakaa kwenye anwani moja. Ilikuwa inategemea kabisa jina la wadaawa na namba ya shauri kukufikisha. Ulipokuja mtindo mpya ndipo kila uamuzi ukapata namba, na ukisoma anwani ya hukumu ya BBI, ile kesi ya mpango wa kubadilisha Katiba ya Kenya, unaona ilivyopangwa vizuri: [2022] KESC 8 (KLR) (31 March 2022) (Judgment). Mwaka, mahakama, ya nane mwaka huo, hazina, tarehe kamili, na mwisho kabisa inakwambia hii ni hukumu sio uamuzi mdogo. Hicho cha mwisho nakipenda sana. Nimeona mara nyingi mtu ananukuu uamuzi mdogo wa kuomba muda kana kwamba ni hukumu iliyomaliza jambo.

Asili ya mtindo wenyewe ni mtandao. Kwa Waingereza ulianza rasmi Januari 2001, walipoona hukumu zinatoka kwenye kompyuta kabla hazijafika kwa wachapa vitabu, wakasema basi mahakama yenyewe itoe namba isiyotegemea kitabu cha mtu yeyote, na aya zipewe namba kwa sababu kwenye skrini hakuna ukurasa. Hili la aya ndilo tunalolidharau sisi. Hukumu nyingi za Mahakama yetu ya Rufani bado hazina namba za aya, kwa hiyo wakili anaandika ukurasa wa 12 wa hukumu iliyochapwa, na wewe unafungua toleo lako ukurasa wa 12 ni maelezo ya shahidi wa tatu. Hukumu ina kurasa 40, msomaji aanze kuchimba. Ningekuwa na ombi moja tu kwa waheshimiwa majaji lingekuwa hilo, wekeni namba kwenye aya, ni kazi ya dakika chache kwa karani na inaokoa saa nyingi za watu wengi kwa miaka na miaka.

Tabia nyingine inayoniumiza ni ya kunukuu kesi ambayo hujaisoma, umeikuta tu imenukuliwa kwenye kesi nyingine. Mukisa Biscuit. Hakuna mwanasheria wa Tanzania, Kenya wala Uganda asiyeijua, [1969] EA 696, yaani vitabu vya East Africa Law Reports, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ile ya zamani. Pingamizi la awali linapoletwa tu lazima mtu ataje Mukisa Biscuit, kwamba pingamizi liwe hoja tupu ya sheria na haliwezi kuletwa kama kuna jambo linahitaji ushahidi. Ni sawa. Lakini 696 ni mlango tu, maneno yenyewe yako ukurasa wa 700 na 701, tena ni ya majaji wawili, Jaji Law kasema lake na Rais wa mahakama Newbold kasema lake, na wa pili ni mkali zaidi kwa wanaoleta mapingamizi ovyo. Nimesoma hoja ambazo maneno ya Newbold kapewa Law. Hilo halitokei kwa mtu aliyefungua kesi, linatokea kwa mtu aliyekopi kwa aliyekopi.

Na Atilio v Mbowe je? Kila ombi la zuio la muda Tanzania linasimama juu ya Atilio v Mbowe (1969) HCD n. 284, kama Wakenya wanavyosimama juu ya Giella v Cassman Brown [1973] EA 358. Ila HCD ni High Court Digest, yale makusanyo ya muhtasari ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, na ile n. 284 sio ukurasa, ni namba ya muhtasari. Yaani kinachonukuliwa nchi nzima kila siku ni ufupisho wa hukumu. Sisemi ni kosa, zile digest zilifanya kazi kubwa wakati vitabu havipo, lakini mtu ajue anachoshika mkononi, na asiandike "jaji alisema" akafungua alama za kunukuu kwenye maneno ya aliyefupisha.

Haya mambo yamekuwa mazito zaidi sasa kwa sababu ya akili mnemba. Mwaka 2023 mawakili wa New York kwenye kesi ya Mata v Avianca walipeleka mahakamani hukumu ambazo hazijawahi kuwepo, ChatGPT imezitunga, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Juni 2025 Mahakama Kuu ya London kwenye Ayinde, [2025] EWHC 1383 (Admin), iliunganishwa na shauri lingine ambalo kati ya kesi 45 zilizotajwa, 18 hazipo duniani. Kumi na nane! Na hizo hukumu za kutungwa zinakuja zimevaa vizuri, mabano ya mraba, mwaka, alama ya mahakama, namba. Kwa hiyo anwani ya kisasa sio kinga yenyewe, kinga ni kubonyeza. Iweke kwenye TanzLII au Kenya Law, ikifunguka kesi ya mtu mwingine kabisa ujue umedanganywa, haichukui dakika. Lakini ona sasa, mtu anayeandika Civil Appeal namba fulani, haijaripotiwa, utamhakikije? Utampigia nani? Hiyo mitindo yetu ya zamani ndiyo inayompa nafasi mwenye kutunga.

Halafu majina. Majina yetu yana vurugu zake. Kwenye kesi za jinai utakuta mtu kaandikwa jina, halafu s/o jina la baba, halafu alama ya @ na jina la mtaani, na karani wa wilaya kaandika kwa tahajia moja, wa Mahakama Kuu kwa nyingine, mpaka inafika rufani jina ni la mtu mwingine. Gyumi mwenyewe ni Rebeca lakini nusu ya wanaomtaja wanaandika Rebecca. Na ile kesi kubwa ya Muleba, mkoani Kagera, mama Holaria aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, akauza shilingi 300,000 mwaka 1988, mpwa wake akaenda mahakamani kusema mwanamke wa Kihaya hana haki ya kuuza, ikafika kwa Jaji Mwalusanya Mwanza, Februari 1990 akasema ana haki sawa na mwanamume. Hiyo kesi kuna anayeiita Ephrahim, kuna anayeiita Pastory, kuna anayeiita Holaria, kuna anayeandika Ephraim bila ile h ya pili, na wasomi wa nje wanaijua zaidi kama (2001) AHRLR 236 (TzHC 1990), yaani African Human Rights Law Reports, kwa sababu ndipo ilipochapishwa kwa ajili ya Afrika nzima. Ukitazama 2001 bila kusoma kilichofuata kwenye mabano utadhani imeamuliwa miaka kumi na moja baadaye, na kwamba Holaria alikuwa anafuata mkumbo wa wengine. Wakati alikuwa mbele ya wengi.

Nimalizie na Kiswahili, maana hapa ndipo naona kazi imebaki na hakuna anayeifanya. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama Tanzania, na hukumu za Kiswahili zinatoka, nazisoma, nyingine zimeandikwa vizuri sana. Lakini kila mmoja ananukuu kesi kivyake. Mmoja anaandika Attorney General v Mtikila kama lilivyo, mwingine Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Mtikila, wa tatu anaweka "na" katikati. Civil Appeal mmoja kaiita Rufaa ya Madai, mwingine Rufani ya Madai, wa tatu Rufaa ya Kiraia. Republic ni Jamhuri, hapo tumeelewana. Sasa mwananchi anayechukua "Rufani ya Madai Na. 45 ya 2009, Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Mtikila" akaitafuta mtandaoni hapati kitu, kwa sababu hukumu yenyewe imeandikwa Kiingereza na inaitwa Attorney General. Tumemfasiria anwani mpaka haifiki tena.

Maoni yangu ni kwamba jina la kesi libaki kwa lugha iliyotolewa hukumu, hata ukiwa unaandika Kiswahili, na maelezo mengine yote yawe ya Kiswahili, na mara zote ifuate ile anwani ya TZCA au TZHC na aya au ukurasa. Ile anwani haina lugha. Inasomeka hivyo hivyo kwa jaji wa Dodoma, kwa mwanafunzi wa Mombasa na kwa mama wa Muleba mwenye simu ya kupangusa anayetaka kujua kama shamba la baba yake anaweza kuliuza. Mahakama ikitoa mwongozo wa kurasa mbili kuhusu hili, na namba ikachapwa juu ya hukumu siku ile ile inaposomwa badala ya kuwekwa baadaye na watu wa tovuti, mawakili watafuata ndani ya mwaka mmoja. Na yule mwandishi wa makala ya mgombea binafsi, kama unasoma hapa, nimekuandikia ujumbe pia, naomba tu uniambie ni ya Dodoma au ya 2010.